Uwanja Wetu, Mapato Yao

Mheshimiwa mwenyekiti, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie michezo ya kulipwa, siasa za miji na fedha za umma, na mwenyekiti amenisihi nisiwe mkali. Nitajaribu. Sehemu kubwa ya mifano yangu itatoka Marekani, kwa sababu huko mambo haya yamefanyika kwa miaka mingi, waziwazi, na makaratasi yake yanasomeka.

Tarehe 6 Novemba 1995, Art Modell, mmiliki wa Cleveland Browns, timu ya ligi ya mpira wa Kimarekani ya NFL, alisimama mbele ya watu mjini Baltimore akatangaza kwamba timu yake inahamia huko. Kesho yake wakazi wa Cleveland walikuwa na kura iliyokwisha kupangwa: je, waendelee kutozwa ushuru wa pombe na sigara ili uwanja wa timu hiyohiyo ukarabatiwe? Walikwenda vituoni, wakapiga kura ya ndiyo, tena kwa wingi mkubwa. Walikubali kulipa siku moja baada ya kuambiwa kwamba anayelipiwa ameshafunga virago.

Msiwacheke. Na msiwaonee huruma sana Baltimore pia, ingawa nao walikuwa na kidonda chao. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi 1984, malori ya kampuni ya kuhamisha mizigo yalifika kimya kimya kwenye makao ya Baltimore Colts, yakapakia kila kitu, yakaelekea Indianapolis. Haraka ile ilikuwa na sababu: wabunge wa jimbo la Maryland walikuwa mbioni kupitisha sheria ya kuiruhusu serikali kuitwaa timu kwa manufaa ya umma. Indianapolis, kwa upande wake, ilikuwa imeanza kujenga uwanja wenye paa kabla hata haijawa na timu ya kuuchezea. Baltimore ikalia miaka 11, halafu ikaenda kuwafanyia Cleveland yaleyale.

Watu wengi wakisikia mada kama hii hufikiria bahasha inayopitishwa chini ya meza. Bahasha zipo duniani, sikatai. Lakini nawaambia, bahasha ingekuwa nafuu, maana mtoa bahasha na mpokeaji wanaweza kupelekwa mahakamani. Ninayoyazungumzia hapa karibu yote ni halali. Yamepigiwa kura, yamesainiwa, yamepigwa mihuri na wanasheria wa pande zote mbili. Mtu akienda kumtafuta mwizi hatamkuta. Atakuta mkataba.

Nguvu ya wenye timu inatoka wapi basi? Inatoka kwenye ligi. NFL ina timu 32. Hakuna kupanda daraja wala kushuka daraja. Huwezi kuanzisha klabu mtaani kwenu, ukashinda miaka mitano mfululizo, ukaingia. Wanaoamua idadi ya timu ni wenye timu wenyewe, na siku zote wamehakikisha kwamba miji inayotaka timu ni mingi kuliko timu zilizopo. Kwa hiyo kila meya anapokaa mezani na mmiliki, kuna kiti cha tatu amekalia mtu asiyeonekana, nao ni mji mwingine.

Kwa miaka zaidi ya 20 kiti hicho kilikaliwa na Los Angeles. Hebu fikirini: mji wa pili kwa ukubwa Marekani, wenye watu, wenye pesa, wenye televisheni, haukuwa na timu ya NFL tangu msimu wa 1994 ulipomalizika hadi 2016. Mfanyabiashara wa kawaida angeliita hilo soko lililoachwa bure. Kwa ligi lilikuwa fimbo. Mmiliki yeyote aliyetaka uwanja mpya alihitaji tu kuonekana Los Angeles, hata kama amekwenda kula chakula cha mchana, na nyumbani kwake madiwani wakaanza kuhesabu kura.

Sasa naomba tusogee karibu na karatasi zenyewe, kwa sababu hapo ndipo ninapotaka mkae nami muda mrefu zaidi. Sherehe ya kuweka jiwe la msingi haitakufundisha lolote. Mkataba wa upangaji wa uwanja utakufundisha.

Los Angeles Rams walihamia St. Louis mwaka 1995, wakaingia kwenye uwanja wenye paa uliojengwa kwa fedha za umma: jimbo, kaunti na jiji. Mkataba wao ulikuwa wa miaka 30. Msemaji wa umma angeweza kusimama jukwaani akasema, tumewapata kwa miaka 30, na asingekuwa amedanganya. Ila ndani yake kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba uwanja huo sharti ubaki katika robo ya juu ya viwanja vyote vya ligi kwa ubora, na jambo hilo lingepimwa mwaka 2005 na tena 2015. Uwanja ukishindwa kipimo, timu inakuwa huru kuondoka.

Kitazameni kifungu hicho vizuri. Hakisemi uwanja uwe mzima, usivuje, viti visivunjike. Kinasema uwe miongoni mwa vinane vilivyo bora, huku miji mingine yote ikijenga vipya kila mwaka, nayo ikishinikizwa na vifungu vya aina hiyohiyo. Ni mbio ambazo mkimbiaji amesimama palepale na mstari wa mwisho ndio unaosogea. Ilipofika 2013, wasuluhishi waliukubali mpango wa timu wa ukarabati, uliokadiriwa kugharimu dola milioni 700 hivi. Hiyo ni zaidi ya gharama ya kuujenga uwanja wenyewe. Jiji likakataa. Rams wakarudi Los Angeles mwaka 2016, na wakazi wa St. Louis wakaendelea kwa miaka kadhaa kulipa deni la uwanja usio na timu. Baadaye waliishtaki ligi, na mwaka 2021 wakalipwa dola milioni 790 ili kesi iishe nje ya mahakama. Naambiwa hilo ni ushindi. Labda. Miji mingine iliyoachwa haikupata kiasi kama hicho.

Mkataba wa pili ni wa Cincinnati, katika kaunti ya Hamilton, jimbo la Ohio. Mwaka 1996 wapiga kura walikubali kuongeza ushuru wa mauzo kwa nusu senti katika kila dola ili vijengwe viwanja viwili, kimoja cha mpira wa Kimarekani na kingine cha besiboli. Walivutwa na ahadi: sehemu ya makusanyo itarudishwa kwa wenye nyumba kwa kupunguziwa kodi ya majengo. Mwenye nyumba alipiga hesabu zake, akaona mpira anaupata na kodi inapungua. Nani angekataa?

Halafu kaunti ikasaini mkataba na Bengals, timu ya NFL ya mji huo. Humo kaunti ilijitwika karibu matengenezo yote makubwa, na pia wajibu wa kununua vifaa vipya kadiri teknolojia inavyosonga mbele. Orodha ya vifaa ilikuwa ndefu, na ilifika hadi kwenye mtambo wa kuonyesha marudio ya mchezo kwa picha za hologramu, iwapo viwanja vingine kadhaa vitakuwa nao. Picha za hologramu! Mtambo ambao haukuwapo sokoni, na mlipakodi alikuwa ameshaahidi kuununua. Makusanyo ya ushuru yalipopungua kuliko ilivyotabiriwa, mkataba haukupungua nao. Unafuu wa wenye nyumba ukakatwa mara kwa mara, na kaunti ikafikia kuuza hospitali iliyokuwa mali ya umma. Ushuru wa mauzo, kama mjuavyo, unalipwa na kila anayenunua sabuni, hata yule asiyejua Bengals wanacheza mchezo gani.

Wa tatu ni Miami, na hapa pa kutazama ni ratiba ya deni. Mwaka 2009 kaunti ya Miami-Dade na jiji walikubali kujenga uwanja wa timu ya besiboli ya Marlins. Kaunti ilikopa kwa kuuza hatifungani, yaani hati za deni, na baadhi ya hatifungani hizo ziliandikwa kwa namna ambayo malipo makubwa yanaanza miaka mingi baadaye, huku riba ikijiongeza juu ya riba. Mkopo mmojawapo ulikuwa wa dola milioni 91. Utakapomalizika kulipwa, mwaka 2048, utakuwa umegharimu kiasi cha dola bilioni 1.2. Waliopiga kura ya kukopa mwaka 2009 wangapi watakuwa bado madarakani 2048? Mtoto aliyezaliwa mwaka uwanja unafunguliwa, 2012, atakuwa na miaka 36, na atakuwa bado analipia viti vya babu yake.

Kabla ya mkataba mmiliki, Jeffrey Loria, alikuwa akisema timu haina uwezo wa kujenga. Mwaka 2010 hesabu za ndani za timu zikavuja, zikaonyesha kwamba ilikuwa ikipata faida. Baada ya msimu wa kwanza tu katika uwanja mpya, wachezaji nyota wakauzwa kwa mkupuo. Na mwaka 2017 Loria, aliyeinunua timu kwa dola milioni 158, akaiuza kwa bilioni 1.2. Kuna watu wataniambia bei ya timu zote imepanda, na ni kweli. Ninachouliza ni kwa nini mwenye kubeba deni la uwanja hakuwa na hisa ya maana katika kupanda huko.

Nimesikia sauti kutoka nyuma: ajira! Sawa, tuzungumze ajira, ingawa sitakaa sana hapo kwa sababu ni sehemu ambayo ubishani umekwisha kwa wataalamu, umebaki kwenye majukwaa ya kampeni. Timu ya NFL hucheza nyumbani mechi nane au tisa za msimu kwa mwaka. Kazi nyingi za uwanjani ni za siku hizo chache: kuuza vinywaji, kuelekeza magari, kufagia. Na fedha anayotumia shabiki mkazi wa mjini, nyingi angeitumia mjini humohumo, sinemani, hotelini, dukani. Imehama mfuko, haijazaliwa. Isitoshe, duka likiuza, mwenye duka anaishi palepale. Timu ikiuza, sehemu kubwa inakwenda kwa wachezaji na wamiliki ambao wengi wao wanaishi kwingine. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Chicago kiliwauliza wachumi mashuhuri kama gharama za ruzuku za viwanja kwa walipakodi huenda zinazidi faida ya kiuchumi kwa wakazi. Asilimia 83 walikubali. Mnawajua wachumi nyie. Kuwakuta wamekubaliana hivyo ni bahati.

Basi kama jambo liko wazi kiasi hicho, mwanasiasa analikubali kwa nini? Wengine hujibu kwamba ni mjinga, au kwamba anapenda kukaa kwenye vyumba vya wageni mashuhuri. Naona tunamwonea kidogo. Mwanasiasa anafanya hesabu yake. Timu ikiondoka, itaondoka siku moja, magazeti yote yataandika, na jina lake litakuwa kichwa cha habari maisha yake yote. Zahanati isiyojengwa kwa sababu ya deni la uwanja haina tarehe. Haijawahi kuwapo, kwa hiyo hakuna anayeililia.

Tena akikosea upande wa pili anaweza kuadhibiwa vilevile, ila mara chache. Mwaka 1995 katika seneti ya jimbo la Wisconsin, George Petak aliwaahidi watu wake wa Racine kwamba hataunga mkono ushuru wa uwanja wa besiboli wa Milwaukee iwapo kaunti yao itaingizwa. Usiku wa kura uliendelea mpaka alfajiri, matokeo yakakwama, na hatimaye akabadilisha kura yake. Uwanja ukapita kwa kura hiyo. Mwaka uliofuata wakazi wa Racine wakamwondoa kwa kura ya kumrudisha nyumbani, na chama chake cha Republican kikapoteza wingi wa viti katika seneti. Huko Miami, meya wa kaunti Carlos Alvarez aliondolewa mwaka 2011 kwa asilimia 88 ya kura. Uwanja haukuwa kosa lake pekee, kulikuwa pia na kupandishwa kwa kodi ya majengo na nyongeza za mishahara, lakini watu walikuwa hawajausahau.

Ndiyo maana siku hizi wajanja hawagusi ushuru wa mauzo wakiweza kuukwepa. Wanatoza vyumba vya hoteli. Jimbo la Nevada liliahidi dola milioni 750 kutoka ushuru wa aina hiyo mwaka 2016 ili Raiders, timu nyingine ya NFL, watoke Oakland waende Las Vegas. Mgeni hapigi kura, kwa hiyo halalamiki. Lakini ushuru wa mgeni nao ni fedha ya umma. Ungeweza kukusanywa uleule ukajenga shule. Na huko Oakland, Raiders walipoondoka walikuwa wameacha deni la ukarabati waliofanyiwa mwaka 1995 ili warudi. Ndiyo, warudi. Walikuwa wameshahama mara moja.

Serikali kuu nayo ina mkono wake, na hapa kuna kisa ninachokipenda kwa ubaya. Riba ya hatifungani za miji ya Marekani haitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu, hivyo miji hukopa kwa bei nafuu. Mwaka 1986 bunge la nchi hiyo lilitaka kuzuia unafuu huo usitumike kujengea matajiri viwanja. Likaweka sharti: msamaha hautatolewa iwapo zaidi ya asilimia 10 ya deni inalipwa na mapato ya uwanja wenyewe. Waliotunga walidhani hakuna mji utakaokubali kubeba asilimia 90 kutoka mfuko wa kawaida. Miji ikakubali! Sheria ikawa sababu nzuri ya kutomtoza mpangaji kodi ya pango ya maana, kwa maana akilipa sana msamaha unapotea. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 na taasisi ya Brookings ulihesabu viwanja 36 vilivyojengwa au kukarabatiwa tangu 2000 kwa njia hiyo, na ruzuku ya serikali kuu ya dola bilioni 3.2. Maana yake ni kwamba mtu aliye jimbo ambalo halina timu hata moja anachangia uwanja wa jimbo jingine.

Msidhani ni ugonjwa wa Wamarekani tu. Uwanja wa Olimpiki wa London wa 2012 ulibadilishwa ili West Ham wahamie mwaka 2016, na gharama za kuujenga na kuubadilisha zikafika pauni milioni 752. Klabu ilichangia pauni milioni 15, kisha ikapewa mkataba wa miaka 99 kwa pango lililoanzia kiasi cha pauni milioni 2.5 kwa mwaka. Kwenye ligi ile kuna wachezaji wanaolipwa zaidi ya hapo kwa miezi michache. Umma ndio ukabaki na gharama nyingi za kuuendesha uwanja siku za mechi.

Sasa nataka kuwa mkweli kwa upande wa pili, kwa sababu mimi mwenyewe ni mtu wa mpira, na sipendi wahubiri wanaozungumza kana kwamba mashabiki ni wagonjwa. Timu inampa mtu kitu ambacho mizania haikionyeshi. Majirani ambao hawasalimiani watakumbatiana kwa sababu ya bao. Mji ukiamua kwa macho mawili kwamba furaha hiyo inastahili fedha fulani, sina neno. Nina neno na mji unaoambiwa ni uwekezaji utakaojilipa.

Na nina neno na ligi pia. Green Bay, mji mdogo wa Wisconsin, timu yake ya Packers inamilikiwa na wanahisa wa kawaida, zaidi ya nusu milioni, na hakuna anayepokea gawio. Mwaka 2000 wakazi wa kaunti walipiga kura kujitoza nusu senti kukarabati uwanja; deni likaisha, ushuru ukakoma mwaka 2015. Hakuna aliyewatishia kwamba timu itahamia Los Angeles, kwa sababu mwenye kutishia hayupo. Mngedhani ligi ingeueneza mfano huo. Kanuni za NFL zinazuia timu nyingine yoyote kumilikiwa hivyo.

Nimalizie na miji miwili, kwa kuwa najua swali litakalokuja: je, tukisema hapana?

Mwaka 2006 wapiga kura wa Seattle walipitisha, kwa asilimia 74, kanuni kwamba jiji lisitoe fedha kwa timu ya kulipwa bila kupata faida ya haki. Timu yao ya mpira wa kikapu, SuperSonics, mwaka huohuo ilikuwa imenunuliwa na matajiri wa Oklahoma City. Wamiliki wapya waliomba uwanja mpya wa kiasi cha dola milioni 500, bunge la jimbo likakataa, na mwaka 2008 timu ikahamia Oklahoma City baada ya makubaliano ya kulilipa jiji dola milioni 45. Timu ya miaka 41, yenye ubingwa wa 1979.

Oklahoma City walisema ndiyo mwaka 2008, na Desemba 2023 wakaombwa tena: uwanja mwingine wa angalau dola milioni 900, timu ikichangia milioni 50. Asilimia 71 wakakubali. Juni 2025 timu yao ikatwaa ubingwa wa NBA. Seattle, kwa upande wao, ukumbi wao wa zamani ulijengwa upya ndani kwa zaidi ya dola bilioni moja za wawekezaji binafsi, ukafunguliwa 2021 ukiwa bado mali ya jiji, na wakapata timu ya hoki ya barafu. Ila SuperSonics hawakurudi, na kizazi kizima kimekua mjini humo bila timu yake ya NBA.

Mkiniuliza mimi ningepiga kura wapi, ningepiga Seattle. Lakini nisingethubutu kumwambia shabiki wa pale, aliyempeleka binti yake uwanjani kila wiki halafu timu ikachukuliwa, kwamba hakulipa chochote.

Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti.